Nyayo za Simba Mlangoni: Igizo la Televisheni na Swali la Ushahidi

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake, tena cha rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo wakazi wengi wa mikoa ya kusini waliijua picha inayotembea kwa njia ya magari ya sinema, na baadaye kwa njia ya mabanda ya video, ambamo msimulizi aliitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku watazamaji wakimjibu kwa sauti. Desturi hiyo ya kujibu haikufa. Siku hizi televisheni huwashwa kwa umeme wa jua hata mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, lakini aghalabu anayeitazama haitazami peke yake, wala haitazami kimya.

Makala haya yahusu mabishano ya watazamaji hao, hasa pale igizo la upelelezi linapoingiza mambo yasiyo ya kawaida: mizimu, majini, wachawi, au mtu anayegeuka mnyama. Mwalimu wa sayansi huenda akadhani kuwa mabishano hayo ni ya mwalimu wa fasihi. Yanamhusu yeye pia, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo ndilo msingi wa somo lake: ni ushahidi wa namna gani unaotosha kumfanya mtu akubali jambo? Na katika mkoa wa Ruvuma swali hilo si la mchezo. Kuna jioni ambazo jibu lake limeamua nani aishi.

Chukuliwe mfano uliobuniwa kwa ajili ya somo. Kijijini Namasakata, katika mkoa huo wa Ruvuma ambao makao yake ni Songea, majirani wamekusanyika kutazama sehemu ya tatu ya igizo la mfululizo. Tajiri mmoja amekutwa amekufa nje ya nyumba yake. Mchangani mna nyayo za simba zitokazo porini. Hatua chache kabla ya mlango nyayo za simba zinakoma, na kuanzia hapo zinaonekana nyayo za mtu. Kamera inazisogelea, ngoma inalia, na sehemu hiyo inakwisha mpaka wiki ijayo.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anasema kwamba mwuaji ni mpwa wa marehemu, ambaye amechonga nyayo za mti na kuzifunga miguuni ili watu wamdhanie simba.

“Mjukuu wangu,” anajibu babu yake, “simba wa porini hana kesi na tajiri. Huyo ametengenezwa, akatumwa.”

“Lakini babu, nyayo za mtu zimeonekana wazi kabisa.”

“Nami nasema hivyo hivyo. Zimeonekana wazi zikigeuka.”

Shangazi wa kijana huyo, aliyekuwa akipukuchua mahindi, anaingilia: “Ninyi wawili mnabishana na aliyetunga, naye hayupo hapa.”

Katika watatu hao, shangazi ndiye aliyeligusa jambo lenyewe. Babu na mjukuu wake wanadhani wanabishana juu ya jambo moja, kumbe yako mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni kwamba, ndani ya hadithi, mtungaji amekusudia nini? La pili ni kwamba, nje ya hadithi, katika dunia yenye simba na watu wa kweli, je, jambo kama hilo hutokea? Swali la kwanza hujibiwa na mtungaji, naye anaweza kulijibu apendavyo. Swali la pili halina mtungaji wa kulijibu. Picha ya televisheni, hata iwe wazi namna gani, haiwezi kulipunguza uzito wala kuliongezea.

Ni vema kufahamu kwa nini. Televisheni ya Tanzania huonyesha picha 25 katika kila sekunde. Sinema huonyesha 24. Kila picha imesimama, nayo macho na ubongo wa mtazamaji ndivyo vinavyoziunganisha zikawa mwendo. Kati ya picha moja na ifuatayo mna pengo, na katika pengo hilo kamera yaweza kusimamishwa kwa dakika moja au kwa siku nzima bila mtazamaji kutambua. Mfaransa Georges Méliès, aliyekuwa mfanya mazingaombwe kabla ya kuingia katika utengenezaji wa filamu, aliitumia hila hiyo mwaka 1896. Mwanamke ameketi kitini, amefunikwa nguo, nguo inafunuliwa, hayupo. Kilichofanyika ni kwamba kamera ilisimama, mwanamke akaondoka, kamera ikaendelea. Nyayo za simba zinazogeuka kuwa nyayo za mtu hazihitaji hata hila hiyo. Zinahitaji fundi mmoja mwenye chapa ya plasta, na mwigizaji mmoja aliyevua viatu.

Mazoea ya kutengeneza mizimu kwa kutumia mwanga ni ya zamani kuliko filamu. Mwaka 1862, katika mji wa London, John Henry Pepper aliwaonyesha watazamaji wa mchezo wa jukwaani mzimu uliotembea kati ya waigizaji. Mzimu huo ulikuwa taswira ya mtu aliyefichwa chini ya jukwaa na kumulikwa kwa nguvu. Kioo kikubwa kisichoonekana kiliirudisha taswira yake kwa watazamaji. Jaribio hilo laweza kufanywa darasani kwa gharama ndogo sana. Kipande cha kioo safi cha dirisha kisimamishwe wima juu ya meza. Mbele yake, umbali wa sentimeta 20, uwekwe mshumaa unaowaka. Nyuma yake, umbali uleule, iwekwe bilauri ya maji. Chumba kitiwe giza, na kitabu kisimamishwe ili kumkinga mtazamaji asiuone mshumaa wenyewe. Akitazama kwenye kioo ataona mwali ukiwaka katikati ya maji. Sababu yake imo katika kitabu chochote cha fizikia cha kidato cha kwanza: taswira katika kioo bapa huonekana nyuma ya kioo kwa umbali ule ule ambao kitu kipo mbele yake.

Lakini jaribio lisiishie hapo, maana lililo muhimu ndilo linalofuata. Bilauri isogezwe nyuma sentimeta tano, na mtazamaji aliyeketi mahali palepale aulizwe kama mwali bado umo majini. Ataona kama umo. Kisha aambiwe asogeze kichwa kushoto na kulia. Papo hapo mwali utaachana na bilauri, kwa kuwa sasa viwili hivyo havipo mahali pamoja. Kichwa kilichosogezwa ndicho kilichoifichua hila.

Mtazamaji wa televisheni hawezi kusogeza kichwa. Akijisogeza kiti kizima, bado ataona upande uleule ambao kamera iliwekwa. Hawezi kwenda nyuma ya nyumba ya tajiri akaangalia kama nyayo za simba zinaendelea huko. Hawezi kupima umbali kati ya unyayo na unyayo. Hawezi kuuliza jirani alisikia nini. Amepewa dirisha moja, na mwenye dirisha ndiye mwenye hadithi.

Mtu aliyekwisha kuona simba halisi akipita, au mwanafunzi aliyefundishwa na askari wa wanyamapori, aweza hata hivyo kupata jambo la kusema. Unyayo wa simba una vidole vinne, na kitako chake kwa nyuma kina mikunjo mitatu. Alama za kucha hazionekani, kwa sababu simba atembeapo huzirudisha kucha ndani. Unyayo wa fisi huonyesha kucha. Sasa ikiwa nyayo za kwenye igizo zina alama za kucha, hapo pana mawili: ama fundi wa mapambo amekosea, ama mtungaji ameziweka makusudi ili mpelelezi aje kuzitambua wiki ijayo. Kwa kutazama picha peke yake haiwezekani kujua ni lipi.

Watunzi wenyewe wameligombania jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, alitoa orodha ya kanuni kumi za fani hiyo, na moja ya zile za mwanzo ilipiga marufuku nguvu zisizo za kawaida. Haikuwa kwa ajili ya imani, maana padri hakuwa mtu wa kukana yasiyoonekana. Aliona kwamba msomaji anapoalikwa kufumbua fumbo, ni dhuluma kumwambia mwishoni kwamba mwuaji alipita ukutani. Mzimu hauachi dalili zinazoweza kuhesabiwa. Kwa hiyo hauwezi kukamatwa kwa akili.

Katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo vizuri. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alifanya kazi katika idara ya afya, kazi ambayo humfundisha mtu kutafuta chanzo cha maradhi kwenye kisima na jaa badala ya kwenye uvumi. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, inaweka kifo cha mtu mahali ambapo wenyeji wanapaogopa kwa ajili ya mzimu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hawacheki wanaoogopa. Yeye huuliza tu maswali ambayo mzimu hauwezi kuyajibu: nani alikuwa wapi, nani alifaidika, na kwa nini hofu ya watu ilimfaa mtu fulani. Mwaka 1968 mtunzi huyo alitoa Kisima cha Giningi, na Giningi, kama ajuavyo msomaji wa Pwani, ndipo wachawi wanaposemwa kukutania. Ni ajabu kidogo kwamba vitabu hivyo husomwa katika shule kwa ajili ya lugha tu, wala havipelekwi kwa mwalimu wa baiolojia.

Filamu na maigizo ya miaka ya karibuni hayakuifuata njia hiyo. Tangu Living in Bondage ya Nigeria, iliyotoka mwaka 1992, na filamu za kutisha za Kitanzania zilizotokea baada ya mwaka 2000, mchawi kwenye kioo cha televisheni mara nyingi ni mchawi kweli, na mwisho wa hadithi unathibitisha hivyo. Mtungaji ana haki yake. Lakini mtazamaji aliyezoea hadithi ambazo mpwa ndiye mwuaji, na mtazamaji aliyezoea hadithi ambazo mchawi ni mchawi, wakiketi mkeka mmoja wataona nyayo zilezile na kusoma habari mbili. Hapo babu na mjukuu wake hawatofautiani kwa akili. Wametofautiana kwa hadithi walizozizoea.

Sasa na liangaliwe swali la pili, lile lisilo na mtungaji.

Simba wala watu si hadithi katika Afrika ya Mashariki. Walio mashuhuri zaidi duniani ni wawili wa Tsavo, nchini Kenya, ambao mwaka 1898 waliwashambulia wafanyakazi wa reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa. J. H. Patterson, mhandisi aliyewaua, aliandika mwaka 1907 kwamba baadhi ya wafanyakazi waliamini hao si simba, bali ni mizimu ya watemi waliokufa, iliyokasirishwa na reli. Mwaka 1996 Wamarekani waliitengeneza habari hiyo kuwa filamu, The Ghost and the Darkness, na wakaiacha hofu ya mizimu itande filamu nzima. Katika filamu hiyo simba wana manyoya makubwa ya shingoni. Simba wenyewe, ambao ngozi na mafuvu yao yamehifadhiwa Chicago katika Makumbusho ya Field, hawakuwa na manyoya hayo. Patterson alikuja kudai kwamba waliuawa watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima aina za kaboni na naitrojeni zilizomo katika mifupa na nywele za simba hao. Kwa kuwa kila chakula huacha alama yake mwilini, waliweza kukadiria sehemu ya chakula iliyokuwa nyama ya watu. Kadirio lao lilikuwa watu wapatao 35, ingawa walikiri kwamba idadi yaweza kuwa pungufu sana au kuzidi 70. Ndivyo mtu anavyosogeza kichwa baada ya miaka 110.

Karibu zaidi na Songea ni habari ya Njombe. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka mwaka 1947 simba waliua watu wengi mno katika wilaya hiyo. George Rushby, ofisa wa wanyamapori aliyepelekwa kuwakomesha, aliandika kuwa idadi ilipita elfu moja, hesabu ambayo haikupata kuthibitishwa. Yeye alitafuta sababu katika mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwaondoa wanyamapori katika eneo fulani ili kuzuia sotoka ya ng’ombe: simba walikosa windo, wakageukia watu. Wenyeji walikuwa na maelezo mengine. Walisema simba hao walitumwa na jumbe aliyevuliwa cheo, na kwamba hawataondoka mpaka arudishiwe cheo chake. Rushby na maskari wake waliwaua simba kumi na watano. Wakati huohuo, kwa mujibu wa simulizi yake, jumbe yule alirudishiwa cheo. Vifo vikakoma.

Hapa mwalimu asiharakishe. Wanafunzi na waulizwe: Njombe ilithibitisha nini? Rushby aliona kwamba bunduki ndiyo iliyokomesha vifo. Wenyeji waliona kwamba cheo ndicho kilichovikomesha. Mambo mawili yalifanyika kwa pamoja, na tokeo moja likaonekana. Kutokana na tokeo hilo peke yake hakuna awezaye kuwatenganisha. Mwanafunzi aliyetia mbolea na kumwagilia maji shamba moja kwa siku moja anaijua taabu hiyo. Bila ya shamba la kulinganishia hana la kusema. Kusema kweli, wenyeji wa Njombe hawakuhoji kijinga. Walihoji kama mtu yeyote anavyohoji akiwa na dirisha moja.

Njia ya kutoka katika taabu hiyo ni kuwa na madirisha mengi. Mwaka 2005 Craig Packer pamoja na watafiti wenzake, akiwamo Dennis Ikanda wa Tanzania, walichapisha hesabu ya mashambulizi ya simba katika nchi nzima. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania 563 au zaidi, na kuwajeruhi zaidi ya 308. Wilaya za kusini na za pwani ya kusini ndizo zilizoumia zaidi. Tunduru, mkoani Ruvuma, ilikuwa imekwisha kupata msiba wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1980. Watafiti hawakuanza kwa kuuliza nani ametuma. Waliuliza ni wapi, mwezi gani, saa ngapi, na aliyeshambuliwa alikuwa akifanya nini.

Majibu yalipopangwa pamoja yalionyesha sura. Mashambulizi yalizidi katika msimu wa mavuno, kuanzia Machi mpaka Mei. Yalizidi katika wilaya ambazo wanyama wa kawaida wa kuwindwa na simba wamepungua, lakini nguruwe mwitu ni wengi. Nguruwe mwitu hula mazao usiku. Mkulima hulala shambani, penginepo katika kibanda kisicho na ukuta wa maana, ili alinde mahindi yake. Simba humfuata nguruwe, na njiani humkuta mkulima. Hakuna katika mnyororo huo pete hata moja isiyoweza kwenda kutazamwa.

Mwaka 2011 watafiti hao walitoa kazi ya pili, iliyohusu watu zaidi ya elfu moja walioshambuliwa kati ya mwaka 1988 na 2009. Safari hii walilinganisha saa ya shambulio na hali ya mwezi. Mashambulizi mengi yalitokea kati ya machweo na saa nne usiku, tena yaliongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba hatari ni usiku wa kiza kitupu, jambo hili ladai maelezo. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza karibu na machweo, yaani kama saa kumi na mbili jioni. Kila siku ifuatayo huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Usiku wa tatu huchomoza kama saa mbili na nusu; usiku wa nne, kama saa tatu na dakika ishirini; usiku wa tano, baada ya saa nne. Kwa hiyo mtu aliyezoea kwa wiki nzima kurudi nyumbani kwa mbalamwezi, ghafla anatembea gizani katika saa zilezile. Naye simba, ambaye hukosa windo mara nyingi zaidi kunapokuwa na mwanga, amepitisha siku kadhaa kwa njaa. Siku tano kabla ya mwezi mpevu na siku tano baada yake, mwezi una ukubwa uleule. Jioni zake si sawa hata kidogo.

Yafaa kumsikiliza babu tena, kwa kuwa hajashindwa. Aweza kusema: “Wachawi nao hupenda giza, na wakati wa mavuno ndio wakati wa husuda.” Jibu hilo halina kosa la mantiki. Kasoro yake ni nyingine. Laiti mashambulizi yangezidi wakati wa mbalamwezi, dhana ya simba wa kutumwa ingeweza kulieleza hilo pia. Yangezidi kiangazi, ingelieleza. Yasingezidi wakati wowote, ingelieleza. Dhana ya nguruwe na mwezi haina uhuru huo. Ingeliweza kushindwa mahali pengi: kwenye kalenda, kwenye saa, kwenye ramani. Ilipimwa katika sehemu hizo zote ikasimama. Wanasayansi huipa dhana ya namna hii uzito zaidi kwa sababu ilijiweka mahali pa kuweza kuanguka.

Babu anayo hoja moja yenye nguvu zaidi. Aweza kukubali habari yote ya nguruwe na mwezi, kisha akauliza: kwa nini alikamatwa huyu, na si yule aliyelala kibanda cha pili? E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 juu ya Waazande wa Sudan, alilikuta swali hilohilo. Ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Waazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke wakati ule, juu ya watu wale. Sayansi hujibu kwa hesabu ya bahati: wakulima mia wakilala porini kwa usiku mia, na hatari ya kila usiku ikiwa ndogo sana, bado yuko atakayepatwa, na kabla ya siku yenyewe hapana alama itakayomtofautisha na wenzake. Ni jibu la kweli, lakini halimfariji mfiwa, na mwalimu asijifanye halina ukali huo.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo haihusu faraja. Kila dhana humwelekeza mtu afanye jambo kesho yake. Ng’ambo ya Mto Ruvuma, katika uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, watu hutofautisha simba wa porini na simba wa kutengenezwa. Mwaka 2002 na 2003 simba waliua makumi ya watu huko. Baadhi ya wanavijiji walioshukiwa kuwa ndio waliowatengeneza simba hao waliuawa na umati. Vifo hivyo havikumpunguza simba hata mmoja. Dhana ya nguruwe humpeleka mtu kwingine: ajenge dungu refu lenye kuta, achimbe mtaro wa kuzuia nguruwe, na katika wiki inayofuata mwezi mpevu arudi kabla ya jua kutua.

Yamo pia makosa ya upande wa pili, na haifai yafichwe. Katika miaka ya 1940, wilayani Singida, watu walikufa kwa majeraha yaliyofanana na ya simba. Polisi walichunguza, na mahakama iliwatia hatiani watu waliokuwa wameua kwa mikono yao na kujificha nyuma ya jina la mnyama. Kama kila ofisa angalisema “ni simba tu” na kufunga daftari, wauaji wangaliendelea. Mjukuu wa Namasakata, basi, hakuota mambo yasiyowezekana aliposema kuhusu mpwa na nyayo za mti. Aliyechunguza Singida hakusaidiwa na kuamini wala kutokuamini. Alisaidiwa na majeraha yaliyopimwa, nyayo zilizofuatwa mpaka mwisho, na mashahidi walioulizwa kila mmoja peke yake.

Mwaka 2004, huko Rufiji, aliuawa simba aliyekuwa ameua watu zaidi ya 30 katika muda usiozidi miaka miwili. Uvumi juu yake ulikuwa mwingi. Alipochunguzwa alionekana ni simba kijana, mwenye gego lililopasuka na jipu kubwa chini yake. Wengine walisema jino ndilo lililomfanya ale watu. Yawezekana, mmoja wa simba wa Tsavo naye alikuwa na jino bovu. Lakini wako simba wala watu wenye meno mazima, na wako simba wenye meno mabovu wasiogusa mtu. Jino hilo lilikuwa dirisha moja tu, na mtafiti anayelishika peke yake anafanya kosa lilelile la Njombe.

Zoezi la mwezi mmoja. Darasa ligawanywe katika makundi mawili. Kundi la kwanza lichague igizo moja la upelelezi, na baada ya kila sehemu liandike dalili zilizoonyeshwa, maelezo yanayoweza kuzifaa dalili hizo, na dalili ambayo kama ingeonekana ingeyaondoa baadhi ya maelezo hayo. Yaandikwe kabla ya sehemu inayofuata kuonyeshwa, kisha daftari lifungwe. Kundi la pili liandike kila jioni, kuanzia usiku wa mwezi mpevu, saa ya machweo na saa ambayo mwezi umeonekana ukichomoza, wakiangalia wakiwa uani mwa nyumba wala si njiani. Ikiwa kuna mawingu, iandikwe kwamba kulikuwa na mawingu, saa isikisiwe. Wanafunzi watafute wastani wa kuchelewa kwa mwezi kila siku na kuulinganisha na dakika 50, kisha watengeneze jedwali la saa za giza la mwezi ujao, na kulibandika mahali wanapopita watu waendao kulinda mashamba.